Fundi wa Timu Kumi na Tatu

Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika NBA msimu ule, wafuatiliaji wa kikapu Tanzania walikuwa na habari moja mdomoni: Hasheem Thabeet ameondolewa Memphis Grizzlies na kupelekwa Houston Rockets. Thabeet alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kufika ligi ile, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ilituuma. Lakini mabadilishano huwa na pande mbili. Memphis walimtoa Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza. Houston nao wakamtoa Shane Battier, mlinzi aliyekwisha kukomaa, na pamoja naye kijana mwembamba wa mita 1.83. Mwaka uliotangulia yalisomwa majina 60 katika drafti, na la kijana huyo halikusomwa. Anaitwa Ishmael Smith. Ligi nzima inamwita Ish.

Huyo wa pembeni ndiye ninayetaka kumtazama hapa. Alidumu katika NBA misimu 14, kuanzia 2010 hadi 2024, akacheza mechi zaidi ya 700, na akavaa jezi za timu 13 kati ya 30 zilizopo. Houston, Memphis, Golden State, Orlando, Milwaukee, Phoenix, Oklahoma City, Philadelphia, New Orleans, Detroit, Washington, Charlotte, Denver. Baadhi yake alizirudia. Hadi anastaafu hapakuwa na mtu katika historia ya ligi aliyechezea timu nyingi kuliko yeye. Kabla yake ukomo ulikuwa 12, na waliofika hapo ni wanne, Chucky Brown, Jim Jackson, Tony Massenburg na Joe Smith.

Rekodi ya namna hii hutajwa kwa kucheka. Mtu akiambiwa kwamba fulani amepita timu 13, wazo la kwanza ni kwamba hatakiwi popote. Hesabu yenyewe inasema vingine. Ligi ina nafasi 450 hivi za mikataba ya kawaida, 15 kwa kila timu, na kila mwaka vijana wapya wanabisha hodi kutoka vyuo vya Marekani, Ulaya na kwingineko. Asiyetakiwa huondoka kimya baada ya msimu mmoja au miwili, na hakuna anayekumbuka alikwenda wapi. Ili uachwe na timu ya saba ni lazima kwanza timu ya saba iwe imekuita, ikiwa na majina mengine mezani, ikijua wazi kwamba sita zilizotangulia zimekuachia. Waliompigia simu Ish Smith walikuwa makocha na mameneja wenye shida mahususi, na walijua shida ile anaiweza.

Shida yenyewe ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko wachezaji wengi wenye majina makubwa. Ish alikuwa mchezeshaji. Mrefu wa chini ya kikapu akihamia timu mpya kazi yake haibadiliki sana: akinge, aruke, aokote ribaundi. Mpigaji wa pointi tatu naye husimama pembeni, mpira ukimfikia apige. Mchezeshaji kazi yake yote ni watu wengine. Ni lazima ajue mrefu wake hupenda pasi ya juu ya ringi au ya mdundo kiunoni, mpigaji wake huanza kuinua mpira kutoka upande upi, nani akikosa mara mbili hunyong'onyea na anahitaji mpira wa tatu upesi, nani akipewa mpira mapema mno huupoteza. Ni lazima ajue majina ya mbinu zote, na kila kocha ana majina yake: kile ambacho Houston wanakionyesha kwa ngumi iliyofumbwa, Orlando wanakiita kwa jina la mji. Tena inampasa ayaseme majina hayo kwa sauti, mbele ya wanaume waliocheza pamoja miaka mitatu, bila kuonekana mgeni. Kati ya nafasi zote tano uwanjani, hii ndiyo iliyo ngumu kuhama nayo. Ajabu ni kwamba mtu aliyehama kuliko wote alikuwa wa nafasi hii.

Dar es Salaam tunao madereva wanaoitwa deiwaka. Deiwaka hana daladala yake. Hushika usukani wa mwenzake aliyepumzika au anayeumwa, na kabla ya kituo cha tatu inampasa awe ameshajua breki zinashikia wapi, gia ipi ina ukaidi, na konda wake akigonga bodi mara mbili anamaanisha nini. Abiria hawana habari kwamba ndiyo siku yake ya kwanza, na hawataki kujua. Hivyo ndivyo Ish alivyofanya kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji, katika gari za watu 13.

Alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1988, na akasoma Chuo cha Wake Forest, kilichokwisha kuwatoa Muggsy Bogues, mtu wa mita 1.60 aliyecheza NBA miaka mingi, na Chris Paul, aliyeondoka mwaka mmoja tu kabla Ish hajaingia. Mchezeshaji anayetoka pale anajua analinganishwa na nani. Ish hakuwa na mwili wa Paul wala upigaji wake. Upigaji wa mbali ndio uliomponza miaka ya mwanzo: ligi ilikuwa inahamia kwenye pointi tatu, na yeye pointi tatu hakuwahi kuaminiwa nazo. Alichokuwa nacho ni kasi, na kasi peke yake katika NBA si mali kubwa. Wenye kasi ni wengi. Wenye kujua lini waipunguze ni wachache sana.

Hapa ndipo ningependa msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Shambulizi la kawaida la NBA huanza na skrini: mrefu anakuja kusimama imara pembeni mwa mlinzi wa mchezeshaji, na mchezeshaji anapita karibu naye kiasi kwamba mabega yanagusana, ili mlinzi agonge ukuta. Mlinzi ana njia mbili. Akimwogopa mchezeshaji kwa kupiga mbali, atajilazimisha kupita juu ya skrini, amfuate kwa mgongo. Asipomwogopa, atapita chini yake, nyuma ya mrefu, amsubiri mbele. Karibu kila timu ilimpitia Ish chini. Kwa mchezeshaji mwingine asiyepiga mbali huo ndio mwisho wa habari: mlango umefungwa, rudisha mpira, anza upya. Ish aliitumia nafasi aliyoachiwa kama uwanja wa kupatia mwendo. Mlinzi alimpa mita mbili au tatu za kuheshimu upungufu wake, naye alizikimbia zote, kwa hiyo alipomfikia mlinzi yeye alikuwa tayari katika kasi kamili, na mlinzi amesimama kwa visigino.

Kisha anasita. Ni kusita kwa nusu ya mdundo: bega linainuka, macho yanatazama ringi, miguu inalegea kana kwamba anataka kupiga. Mlinzi ananyooka. Na mlinzi aliyenyooka hawezi kukimbia. Ish anapita. Au hapiti; anasimama kweli pale kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, anaruka wima na kupiga ile mitupo ya masafa ya kati ambayo watu wa takwimu walikuwa wakiwaambia makocha waiache. Aliipiga miaka yote 14. Ulinzi wote wa ligi ulikuwa umepangwa ili kumwachia mtu mtupo ule, na yeye aliuchukua bila haya, kwa sababu mlinzi akishaona umeingia mara mbili husogea, na akisogea mlango uko wazi.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Wachezeshaji wengi wakifika chini ya kikapu na kukuta warefu wawili wamesimama, hukamata mpira kwa mikono miwili kwa hofu, na mpira ukishakamatwa umekufa: ni kupiga au kutoa pasi, upesi, mara nyingi vibaya. Ish aliendelea kuudunda. Alipita chini ya ringi kama mtu anayepita uani kwake, akatokea upande wa pili, akarudi nje kwa mzunguko, mpira ukiwa hai muda wote. Steve Nash ndiye aliyeisambaza mbinu hii na jina lake limebaki juu yake. Faida yake inaonekana kwa anayewatazama wengine badala ya mwenye mpira: kwa zile sekunde mbili walinzi wote watano wamegeuza vichwa, na mtu wa pembeni ametelezea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Pasi inamkuta hapo.

Kwetu mechi hizi huchezwa usiku wa manane na alfajiri, na asiye na mapenzi ya kweli hawezi kuzifuatilia. Wengi huamkia fainali. Mimi naona anayetaka kujifunza kikapu aamkie mechi ya Januari, katikati ya wiki, kati ya timu mbili zisizo na matumaini, robo ya pili, wakati wa akiba wameingia. Ndiyo saa waliyokuwa wakifanya kazi watu kama Ish.

Mikataba yao nayo ni habari ya peke yake. Kuanzia Januari 5 timu inaruhusiwa kumsajili mtu kwa siku kumi. Zikiisha inaweza kumpa nyingine kumi. Baada ya hapo ni ama imchukue hadi mwisho wa msimu ama imwache. Wapo pia wanaoanza msimu kwa mkataba usio na dhamana, na kwa hao tarehe ya kuogopwa ni Januari 10, siku ambayo mishahara yote hupata dhamana; timu isiyotaka kulipa humwondoa mtu siku chache kabla. Ish aliyajua mazingira haya ndani na nje. Golden State hakudumu. Februari 2013 Orlando walimpeleka Milwaukee pamoja na J. J. Redick, na miongoni mwa waliokwenda upande wa pili alikuwemo kijana Tobias Harris. Miaka mitatu baadaye Ish na Harris walijikuta chumba kimoja cha kubadilishia nguo Detroit. Houston walimrudisha mwaka 2014 kisha wakamwacha Desemba, akaenda Oklahoma City, mahali ambapo Thabeet alikuwa ameondoka miezi michache tu nyuma. Oktoba 2015 Washington walimwacha mwishoni mwa kambi ya maandalizi. Mwaka 2019 Washington haohao walimsajili.

Ukisoma orodha ile haraka unaona mtu anayesukumwa. Soma tena ukiangalia nani anamrudia nani. Houston walimrudia, Philadelphia wakamrudia, Charlotte vilevile, na Washington zaidi ya mara moja. Timu inayokurudia imekwisha kukuona mazoezini, imeona unavyokula, unavyosafiri, unavyopokea habari kwamba leo hutacheza. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo juu ya mtu.

Philadelphia ndiko kazi yake ilikoonekana waziwazi, na nadhani ndiko kutakakokumbukwa. Msimu wa 2015–16 timu ile ilikuwa imeamua kupoteza kwa makusudi ya baadaye, ikikusanya vijana na haki za drafti. Ilianza kwa kufungwa mechi 18 mfululizo. Ilipofika Krismasi ilikuwa imeshinda mara moja na kufungwa mara 30. Warefu wake walikuwa na vipaji, Nerlens Noel na Jahlil Okafor, lakini hapakuwa na mtu wa kuwapa mpira mahali wanapoutaka. Desemba 24 Philadelphia walimchukua Ish kutoka New Orleans, wakatoa haki mbili za drafti za raundi ya pili. Timu iliyokuwa ikikusanya haki hizo kuliko timu yoyote ikazitoa ili kumpata mtu ambaye msimu uliotangulia alikuwa kwake, na ambaye kiangazi ilimwacha aende.

Siku mbili baadaye, Desemba 26, walicheza Phoenix na wakashinda. Siku mbili! Hata mazoezi ya kutosha hayakuwapo. Lakini Noel alikuwa amecheza naye miezi michache mwanzoni mwa 2015, na yale waliyokwisha kuelewana hayakuwa yamesahaulika: skrini ya juu, Noel anageuka na kukimbilia kikapuni, Ish anautupa mpira juu ya ringi akiwa bado anakimbia. Mrefu ambaye wiki iliyopita alionekana hajui ajipange wapi sasa alionekana anajua. Ilikuwa timu dhaifu na ikabaki dhaifu. Ilimaliza na ushindi 10 na kufungwa 72. Lakini 9 kati ya hizo 10 zilikuja baada ya Ish kufika. Yeye mwenyewe kwa muda wake Philadelphia alipata wastani wa pointi 14.7 na pasi za kufungisha 7 kwa mechi, kiwango cha mchezaji wa kuanza, katika msimu aliouanza akiwa ameachwa.

Kiangazi cha 2016 Detroit walimpa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 18. Miaka sita baada ya drafti iliyompita, akapata mahali pa kukaa. Alisajiliwa kuwa nyuma ya Reggie Jackson, na kabla msimu haujaanza Jackson akaumia goti, kwa hiyo Ish akaanza. Jackson alipopona, Ish akarudi benchi. Desemba 2017 Jackson akaumia kifundo cha mguu, Ish akaanza tena. Msimu ule alicheza mechi zote 82. Ninalitaja hili kwa sababu kuanza na kukaa benchi si kazi moja. Anayeanza hupata dakika za kujipima, akikosa mitupo mitatu anajua wa nne utakuja. Wa akiba huingia mwili ukiwa umepoa, mchezo una mwendo wake tayari, na ana dakika tano au sita za kuubadilisha. Kuzoea moja kunaharibu nyingine. Ish alivuka kwenda na kurudi katikati ya misimu, na mtindo wake ulibaki uleule: mpira ukiokotwa tu, ameshaondoka.

Kisha Denver. Julai 2022 alipelekwa huko pamoja na Kentavious Caldwell-Pope, na alipoingia uwanjani rekodi ya timu 13 ikawa yake. Kwangu jambo kubwa zaidi ni kwamba alikuta mahali ambapo kila alichokijua kilipaswa kugeuzwa. Denver mchezeshaji halisi ni Nikola Jokić, mrefu wa katikati. Mpira unakwenda kwake kwanza; mlinzi mdogo anaupeleka, anauachia, kisha anakimbia kupita karibu naye akitumaini kurudishiwa. Mtu aliyeishi miaka 12 mpira ukiwa mkononi mwake aliambiwa ajifunze kuishi bila huo mpira, akiwa na miaka 34. Alicheza mechi 43 za msimu wa kawaida, mara nyingi dakika chache. Februari Reggie Jackson naye akasajiliwa, yuleyule wa Detroit, na nafasi ikazidi kubana. Katika mtoano dakika za Ish zilikuwa za kuhesabika. Tarehe 12 Juni 2023 Denver waliwashinda Miami mechi ya tano, 94 kwa 89, wakachukua ubingwa wa kwanza katika historia yao ya NBA, na Ish akapata pete ambayo wengi waliochaguliwa mbele yake mwaka 2010 hawakuipata.

Wapo watakaosema pete ile ni ya Jokić na Jamal Murray. Ni kweli, ni yao. Ila timu bingwa hufanya mazoezi miezi tisa, na katika mazoezi kuna mtu anayecheza nafasi ya mchezeshaji wa mpinzani wa kesho. Mtu aliyekaa timu 13, aliyeimba majina ya mbinu za makocha zaidi ya kumi, ana maktaba kichwani ambayo hakuna kocha msaidizi anayeweza kuikusanya kwa video. Nani atakayekuonyesha vizuri zaidi jinsi wengine wanavyocheza kuliko aliyecheza nao?

Thabeet naye alisafiri: Houston, Portland, Oklahoma City, kisha Japani na Taiwan. Warefu hupewa muda kwa sababu urefu haufundishiki, na pia hulaumiwa zaidi kwa sababu hiyohiyo. Aliyechaguliwa wa pili hubeba namba ile hadi mwisho. Ish hakuwa na namba yoyote ya kubeba. Sidhani kwamba hilo lilimrahisishia. Lilimpa tu sababu ya kuanza kila mahali kwa kusikiliza.

Msimu wa 2023–24 aliumalizia Charlotte, mji aliozaliwa, akiwa na miaka 35, akishika nafasi huku LaMelo Ball akiuguza kifundo cha mguu. Kijana anayejifunza uchezeshaji Upanga, Nairobi au Bujumbura, na ambaye ameshachoka kuambiwa amtazame Curry, atafute mechi za Philadelphia za Januari na Februari 2016. Asimtazame Ish anapofunga. Amtazame kabla skrini haijawekwa: anavyomwelekeza mrefu kwa kidole asogee hatua moja kushoto, anavyohakikisha mpigaji wa kona ameshageuza miguu, halafu ndipo anapoanza kudunda.